Joseph Dutton, munganga aliyechunguza damu Stanley Falls na kufia Kasongo

Kisangani. Huku Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji, mgonjwa akitoka kwenye labo ya kituo cha afya huwa na karatasi ndogo mkononi. Juu yake kumeandikwa GE ++, Hb 9, kisha GB, VS, na mara nyingi Widal na namba zake, TO 1/160. Ataipeleka kwa munganga. Kama franga zimeishia kwenye labo, ataipeleka moja kwa moja kwenye farmasi, na muuza dawa ataisoma kadiri anavyojua. Wengi wanaisoma kama hukumu ya tribinali: alama ya kujumlisha ni ugonjwa, neno hasi ni uzima.

Mtu aliyejua mapema kwamba mambo si mepesi hivyo alifanya kazi hapa hapa kwetu, karibu na maporomoko, mwaka 1904, wakati mji huu uliitwa Stanley Falls. Jina lake Joseph Everett Dutton. Vitabu vya wanganga vinamtaja mpaka leo, maana kijidudu kimoja cha damu kinaitwa kwa jina lake. Kisangani watu wachache wanamjua, wala simlaumu mtu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimkuta kwa bahati nikitafuta habari za vipimo vya damu.

Dutton alizaliwa tarehe 9 Septemba 1874 katika eneo la Cheshire, Uingereza. Alisoma shule katika mji wa Chester, kisha akaingia masomo ya uganga Liverpool na kumaliza mwaka 1897. Mwaka uliofuata, 1898, tajiri wa meli aliyeitwa Alfred Jones alitoa fedha za kuanzisha shule ya magonjwa ya nchi za joto katika mji huo huo. Meli zake zilikuwa zinakuja Afrika ya Magharibi na kurudi na mabaharia wagonjwa, kwa hiyo hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Mwalimu mkubwa wa shule hiyo alikuwa Ronald Ross, yule aliyethibitisha kwamba malaria inapitia kwa mbu, na aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Miaka ile damu ilikuwa inaanza kusema. Mwaka 1896, Paris, Fernand Widal alionyesha kipimo cha homa ya tumbo ambacho bado kinaitwa kwa jina lake kwenye karatasi zetu. Mwaka 1901, Vienna, Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu, na ndiyo maana leo tunaandikiwa A, B, AB au O. Mwaka 1903 Ross alichapisha njia ya kuweka tone nene la damu kwenye kioo, badala ya kulitandaza jembamba, ili mtu aone vijidudu vya malaria hata kama ni vichache. Hiyo ndiyo goutte épaisse, GE ya kwetu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg alitoa rangi ya kupaka damu ambayo mafundi wa labo bado wanaitumia. Dutton alikuwa kijana wakati huo, na alikuwa na subira ya kukaa kwenye mikroskopi kwa muda mrefu.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Nigeria mwaka 1900, pamoja na wenzake wa Liverpool, kuchunguza malaria na minyoo ya filaria. Mwaka 1901 akatumwa peke yake Gambia. Huko ndiko lilikotokea jambo lililompa jina.

Katika mji wa Bathurst, ambao leo ni Banjul, kulikuwa na nahodha Mzungu wa meli ya serikali iliyokuwa inapanda na kushuka mto Gambia. Mwezi wa Mei 1901 alishikwa na homa. Munganga wa koloni, Robert Forde, alifanya yale ambayo kila munganga angefanya: aliifikiria malaria na kutoa kwinini. Homa haikuisha. Forde akachukua damu na kuitazama. Malaria hakuiona, ila aliona vitu vidogo vinavyojinyonga kama minyoo kati ya chembe za damu. Hakuvijua. Mgonjwa akapelekwa Uingereza, akapumzika, akarudi Bathurst mwezi wa Desemba akiwa bado hana nguvu. Ndipo Forde akamwonyesha Dutton.

Dutton alivitambua. Havikuwa minyoo. Vilikuwa tripanosoma, jamii ya kijidudu ambacho David Bruce alikuwa amekwisha kukionyesha Afrika ya Kusini katika damu ya ng'ombe na farasi wanaoumwa na tsetse. Ndani ya damu ya binadamu hakuna aliyekuwa amekieleza waziwazi. Mwaka 1902 Dutton akakipa jina Trypanosoma gambiense, kwa sababu ya nchi ya Gambia. Nahodha alikufa Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1903.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kisa cha nahodha ni kisa cha wagonjwa wengi wa Tshopo. Kwa Kiswahili chetu neno homa limekuwa sawa na malaria. Mtu akisema ana homa, jirani anamwambia anunue dawa ya malaria. Forde alikuwa na njia rahisi: kuandika malaria na kuendelea na kwinini. Lakini kwinini ilishindwa, naye akarudi kwenye damu. Hata hivyo macho yake hayakutosha, kwa kuwa mtu huona zaidi kile anachokijua. Ilibidi aje mtu wa pili.

Tena Dutton naye hakuona yote. Katika Gambia alikikuta kijidudu hicho kwa mtoto mdogo ambaye hakuonekana mgonjwa sana. Aliporudi mwaka 1902 pamoja na rafiki yake John Lancelot Todd, munganga kijana kutoka Kanada, walipima damu ya watu zaidi ya elfu moja na kupata wachache tu wenye tripanosoma, wengi wao wakitembea na kufanya kazi zao. Kwa hiyo Dutton alifikiri amepata homa mpya, ndefu na isiyo kali. Hakujua kwamba ameshika mkononi ugonjwa wa usingizi wenyewe, ule uliokuwa unaua maelfu kandokando ya ziwa Victoria. Waliounganisha mambo hayo ni watu wa Entebbe, Uganda: Aldo Castellani alikiona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 Bruce akaonyesha kwamba kinaletwa na tsetse. Jibu la Dutton lilikuwa la kweli. Maana yake ndiyo ilikuwa bado.

Leo tunajua kwamba ugonjwa huo una hatua mbili, na kwamba mtu anaweza kukaa miezi au miaka na kijidudu kabla ya usingizi kuja. Wale watu wa Gambia walikuwa katika hatua ya kwanza.

Kongo ikafuata. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye nchi hii ilikuwa mali yake binafsi, aliiomba shule ya Liverpool imtumie wanganga wa kuchunguza ugonjwa wa usingizi. Alfred Jones, yule tajiri wa meli, alikuwa pia konseli wa Dola Huru ya Kongo mjini Liverpool, kwa hiyo jambo halikuwa gumu kupangwa. Septemba 1903 Dutton, Todd na Cuthbert Christy walifika Boma. Ulikuwa mwaka ule ule Roger Casement alipopanda mto na kuandika ripoti yake juu ya watu waliokuwa wanapigwa, kufungwa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Sitaki kuficha hilo. Wanganga hawa walisafiri kwa ukarimu wa serikali hiyo, na ugonjwa waliokuja kuuchunguza ulikuwa unaenea kwa sehemu kubwa kwa sababu serikali hiyo ilikuwa inawahamisha watu, inawachosha na kuwanyima chakula.

Walianza kazi kusini mwa mto, wakafika Léopoldville, kisha wakapanda taratibu kuja juu. Njiani waliandika pia habari za funza wa sakafuni anayenyonya damu ya watu wanaolala juu ya mkeka, naye hamfikii anayelala kitandani. Christy aliondoka mwaka 1904. Huyu alirudi Kongo miaka mingi baadaye, akauawa na nyati mwaka 1932.

Mwishoni mwa mwaka 1904 Dutton na Todd walikuwa Stanley Falls. Reli ya kwenda Ponthierville, Ubundu ya leo, ilikuwa ingali inajengwa. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika pamoja na watu wa Tippu Tip, na pamoja na misafara yao, katika mizigo na mikeka, alikuwa amefika mdudu mwingine: papasi. Wengine walimwita kimputu. Ni kupe laini anayejificha katika nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa muda mfupi, anarudi kwenye ufa kabla mtu hajaamka. Mgonjwa hana alama ya kuonyesha, na hawezi kusema aliumwa lini.

Wenyeji na wapagazi walijua muda mrefu kwamba papasi analeta homa. Livingstone alikuwa ameandika kuhusu ugonjwa huo zamani, katikati ya karne ya 19. Wazungu wengi waliona ni hadithi, au waliiita malaria tu. Dutton na Todd waliwaamini wenyeji kiasi cha kupima jambo lenyewe. Walichukua damu ya wagonjwa wenye homa hiyo, wakaitazama, wakaona kijidudu chembamba kilichopindwapindwa kama uzi uliosokotwa, kinachotembea kwa kasi kati ya chembe nyekundu. Kilifanana na kile Otto Obermeier alichokiona Berlin katika homa ya kurudiarudia, ambayo inaletwa na chawa. Kisha wakakusanya papasi kutoka nyumba za watu, wakawaacha wawaume nyani. Nyani wakapata homa, na damu yao ikaonyesha uzi ule ule. Walikwenda mbele zaidi: waliweka mayai ya papasi mpaka yakatoa watoto, na watoto hao, ambao walikuwa hawajawahi kumwuma mgonjwa yeyote, nao wakaweza kuambukiza. Maana yake nyumba ikiwa na papasi wenye ugonjwa, inaendelea kuwa nao, kizazi kwa kizazi, hata wagonjwa wote wakipona.

Hawakuwa wa kwanza kutangaza. Mwezi wa Novemba 1904, Philip Ross na Milne, waliokuwa Uganda, walikuwa wamechapisha habari ya kijidudu hicho na kupe huyo huyo. Huyu Ross si yule wa Liverpool, majina yanafanana tu. Lakini kazi ya Stanley Falls ilifanywa peke yake, bila kunakili, na ndiyo iliyoonyesha kwa nyani na kwa mayai jinsi mambo yanavyokwenda.

Homa ya papasi ina tabia moja ambayo kila mtu anayepeleka mtoto labo angefaa kuijua. Homa inapanda kwa siku chache, mtu anatetemeka, kichwa kinamuuma, anatapika. Kisha inakatika ghafla. Mgonjwa anatoka jasho, anaomba chakula, anaamini amepona, na kama alikuwa amekunywa dawa yoyote anaisifu dawa hiyo. Baada ya wiki moja hivi homa inarudi. Inaweza kurudi mara nyingi. Wakati homa iko juu, damu imejaa vijidudu. Homa ikishuka, fundi anaweza kutazama kioo kwa saa nzima asione kitu, na kuandika hasi. Atakuwa hajadanganya.

Sababu ilijulikana miaka mingi baada ya Dutton kufa. Mwili unatengeneza askari wa kukitambua kijidudu kwa koti lake la nje, nao wanakiua. Wachache wanabadilisha koti, wanapona, wanazaana, na homa inaanza upya. Ajabu ni kwamba tripanosoma nayo inafanya hivyo hivyo. Vijidudu viwili ambavyo Dutton alivifuata, kimoja Gambia na kingine hapa kwenye maporomoko, vyote viwili vinajificha kwa ujanja huo huo. Ndiyo maana kipimo kimoja kilichoandikwa hasi, katika magonjwa haya, kinahusu tone lile na saa ile tu.

Kwa malaria pia wanganga wanashauri kurudia GE homa ikiendelea, kabla ya kusema haipo. Na upande mwingine, kuona alama si kumaliza kazi. Zile alama za kujumlisha zinahesabu wingi. Moja ni vijidudu vichache sana katika maeneo 100 ya kioo, nne ni zaidi ya kumi katika kila eneo moja. Katika mji kama Kisangani, ambako mbu wanatuuma mwaka mzima, mtu mzima anaweza kubeba malaria kidogo kwenye damu bila kuumwa nayo. Akija na homa na alama moja, huenda homa ni ya malaria, huenda ni ya kitu kingine kilichokaa nyuma yake. Kwa mtoto mdogo alama hiyo hiyo ni jambo la kuharakishwa. Kile kipimo cha haraka cha kibao nacho kinaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinatafuta mabaki ya kijidudu, wala si kijidudu kizima.

Turudi kwenye ile karatasi. Hb ni wingi wa rangi nyekundu ya damu, ile inayobeba hewa. Mwanamke mwenye mimba akiwa chini ya 11, au mwanaume chini ya 13, ana upungufu wa damu, lakini namba haisemi kama damu imekwisha kwa malaria, kwa minyoo, kwa chakula kibovu au kwa kutoka damu. GB ni chembe nyeupe, askari wenyewe. VS inapima jinsi chembe nyekundu zinavyozama haraka kwenye mrija. Ikiwa juu inasema kuna moto mahali fulani ndani ya mwili, haisemi nyumba ipi inaungua. Widal ndiyo inayotuletea hasara kubwa. Inatafuta askari waliotengenezwa dhidi ya homa ya tumbo. Mtu aliyeugua zamani, au aliyechanjwa, bado anao, na hata malaria inaweza kuifanya ipande. Kipimo kimoja cha Widal peke yake ni ushahidi dhaifu, na ushahidi wenye nguvu ni kuotesha damu labo, jambo ambalo vituo vingi havina uwezo nalo. Hata hivyo familia nyingi zinauza kuku na mbuzi ili kununua sindano za siku kumi kwa sababu ya 1/160.

Dutton na Todd wote wawili waliambukizwa homa ya papasi katika kazi yenyewe. Todd alipona. Waliendelea na safari, wakapanda mto kupita Ponthierville kuelekea Maniema, wakifuata njia za zamani za misafara, kwa kuwa walitaka kujua homa hiyo imesambaa mpaka wapi. Mwezi wa Februari 1905 walikuwa Kasongo. Dutton akalala. Aliandika dalili zake mwenyewe siku kwa siku mpaka mkono ukashindwa. Tarehe 27 Februari 1905 alikufa, akiwa na umri wa miaka 30.

Alizikwa Kasongo. Habari za wakati ule zinasema watu zaidi ya elfu moja walikuja mazishini, na wengi walikuwa wale aliowatibu. Katika nchi ambako Mzungu alikuwa anafika na bunduki na kikapu cha kupimia mpira, hilo si jambo dogo. Todd alirudi Liverpool mwaka ule ule, na kitabu chao juu ya homa ya papasi katika mashariki ya Kongo kikachapishwa na shule yao kwa majina ya wote wawili. Mwaka 1906, Marekani, Novy na Knapp walionyesha kwamba kijidudu cha homa hii si kile cha Obermeier, wakakiita kwa jina la Dutton. Leo kinaitwa Borrelia duttonii.

Kuna urithi mwingine ambao ni mchungu. Katika safari yao Dutton na Todd waliona kwamba wagonjwa wengi wa usingizi wana tezi zilizovimba shingoni, na kwamba kijidudu hupatikana kwa urahisi zaidi katika maji ya tezi kuliko katika damu. Kwa munganga aliye porini bila vifaa, kugusa shingo ni kipimo cha haraka. Ushauri uliochapishwa baada ya kifo cha Dutton ulikuwa kwamba watu wapimwe kwa kuguswa shingo, na wenye tezi wazuiwe kusafiri, watengwe. Leopold aliupokea kwa furaha. Mwaka 1906 amri zilitoka, na kwa miaka iliyofuata, chini ya Leopold kisha chini ya Wabelgiji, watu walisimamishwa mistari, wakaguswa shingo, na waliokutwa na uvimbe wakapelekwa lazareti, mbali na mashamba na ndugu zao. Shingo inavimba kwa sababu nyingi. Kidonda cha kichwa kinatosha. Kulikuwa na watu waliofungiwa kwa ajili ya tezi tu, bila mtu kuona kijidudu chochote. Wazee wa vijiji vya Tshopo na Uele waliwasimulia wajukuu wao habari za lazareti, na hofu ile haijatoka yote: timu ya ugonjwa wa usingizi ikifika kijijini, bado wako wanaokimbilia porini.

Ninavyoona mimi, kosa halikuwa kugusa shingo. Kosa lilikuwa kuchukua dalili inayosema huenda, na kuifanya ndiyo. Dutton, aliyekaa saa nyingi kwenye mikroskopi ili kutofautisha mnyoo na tripanosoma, alistahili kuona hatari hiyo. Labda angeiona kama angeishi. Todd aliishi mpaka 1949.

Siku hizi timu zinazopita Isangi na kwingine zinaanza na tone la damu ya kidole kwenye kadi ya CATT, kipimo kilichobuniwa mwaka 1978. Kadi inatafuta askari wa mwili dhidi ya tripanosoma. Ikionyesha ndiyo, mtu haandikwi mgonjwa hapo hapo. Anaguswa shingo, maji ya tezi yanatazamwa, damu inachunguzwa zaidi kwa mikroskopi, mpaka kijidudu kionekane kwa macho. Kongo bado ndiyo yenye wagonjwa wengi wa ugonjwa huo duniani, ingawa tangu 2018 dunia nzima huwa na wagonjwa chini ya elfu moja kwa mwaka, na sasa kuna vidonge vya fexinidazole badala ya zile sindano za zamani zilizokuwa zinaweza kumwua mgonjwa zenyewe.

Homa ya papasi haina kadi wala kibao cha haraka kwenye vituo vyetu. Inatafutwa kwa tone la damu lililopakwa rangi ya Giemsa, kioo kile kile cha GE. Dawa za malaria haziiponyi. Antibiotiki za kawaida zinaiponya, na kwa mwanamke mwenye mimba kuchelewa ni hatari kwake na kwa mtoto. Fundi anayetafuta malaria anaweza kuupita ule uzi uliopindwa kama hakuambiwa autafute. Kwa hiyo mwenye homa inayoondoka na kurudi amwambie fundi hivyo waziwazi, amtajie kama analala nyumba ya udongo au alisafiri Maniema au Kivu, na aende kutoa damu wakati mwili unawaka, asingoje mpaka jasho litoke.